Kajetani Fundi Redio na Kivuli Kwenye Kioo cha Ursula

Ilikuwa mwaka wa tisini na tano. Hapana, nimekosea. Tisini na tano ni mwaka wa ule uchaguzi wa vyama vingi, na mwaka ule nilikuwa Nalasi huko Tunduru nikinoa mapanga ya watu wa mikorosho, Songea sikuikanyaga kabisa. Habari hii ni ya tisini na saba kuelekea mwisho, maana ile mvua iliyosahau kukoma ilikuwa imeshaanza, na barabara ya Lusewa ilikuwa uji mtupu. Tisini na saba, basi.

Mimi kazi yangu ni kunoa. Visu, mikasi, mapanga, majembe ya watu wasio na tupa. Jiwe langu nimelifunga kwenye baiskeli, ninapiga pedali linazunguka. Nikiwa Songea nilikuwa nalaza baiskeli yangu kwenye kibaraza cha Kajetani, fundi redio, pale Mfaranyaki. Tangu lini tulijuana sikumbuki. Alinikaribisha siku moja ya mvua nikawa sitoki.

Kajetani alizaliwa Maposeni. Baba yake alikuwa mkulima wa mahindi, na watoto walikuwa tisa, naye ni wa sita. Alipomaliza darasa la saba mapadri wakamchukua kwenye karakana ya misheni akajifunze umeme. Alikaa huko miaka minne. Bruda wa misheni aliyemfundisha alikuwa mtu mkali, na alimfundisha jambo moja ambalo Kajetani alilishika kama amri ya Mungu: kitu kikiletwa kibovu, kitoe peke yake, kiweke mbali na vingine vyote, kipime hapo, halafu andika ulichokiona kwa macho yako, si zaidi. Kwa hiyo kila redio iliyopita mikononi mwake ilirudi na kikaratasi. "Spika nzima. Swichi imekufa, nimebadili." Saini. Watu walivipenda vile vikaratasi. Wengine hawakujua kusoma ila walivitunza.

Alikuwa mrefu, mwembamba, anacheka kwa pua. Mke alikuwa naye, Aurelia, na hawakujaliwa mtoto, na hilo nisilisemee sana.

Kulikuwa na shirika la pembejeo mjini, jina lake silitaji maana lenyewe limeshakufa na baadhi ya waliokuwamo wapo hai. Lilikuwa la serikali, linagawa mbolea na mbegu. Wakati huo lilikuwa linatayarishwa kuuzwa. Kila mtu mle ndani alijua kwamba siku yoyote itatoka orodha ya watakaopunguzwa. Wakati unaoitwa wa soko huria, sisi wa barabarani tulisikia habari za bidhaa tu, lakini mtu wa ofisini alisikia habari ya orodha.

Mchapaji wao aliitwa Ursula. Mama wa makamo, Mngoni, mkubwa wa mwili, mwenye sauti ambayo Jumapili ilijaza kanisa, maana ndiye aliyekuwa akisoma somo la kwanza. Alichapa miaka kumi na sita kwa mashine ya kugonga, na ilipoletwa kompyuta kutoka Dar akajifunza kwa wiki tatu. Meneja alikuwa Bwana Shukuru, Mhehe wa Iringa, mtu msafi, viatu vinang'aa hata kwenye tope.

Sasa kompyuta ilipofika, kulikuwa na wizi mwingi mjini. Bwana Shukuru akaamua lile boksi lenyewe lifungiwe kwenye kabati la chuma stoo, kwa mtunza stoo, Sixbert, na kioo kibaki mezani kwa Ursula, chumba cha pili. Kati yake ni ukuta. Waya wa kioo ulikuwa mfupi kama mkono. Wakamwita Kajetani.

Kajetani alitoboa ukuta, akatafuta waya wa simu uliokuwa umetolewa kwenye nguzo za zamani, akakata mita saba, akaunganisha nyuzi moja moja, kumi na tano, kwa risasi ya kuyeyusha. Nilikuwepo kibarazani alipokuwa akizipima kwa betri na kibalbu. Kila uzi aliougusa, kibalbu kikawaka. Alifurahi. Akaniambia, "Mzee, unaiona? Kazi safi." Wakati huo sikuwa mzee, ila aliniita hivyo kwa mapenzi.

Wakafunga, kioo kikawaka, barua zikaonekana. Kila mtu akampa mkono.

Ila Ursula alipokaa siku nzima mbele ya kioo, akaona kwamba kila herufi ina kivuli upande wa kulia. Si kikubwa. Ni kama herufi ina mdogo wake amejificha nyuma yake. Kwenye maneno alikuwa anakisia. Tabu ilikuwa namba. Tatu na nane zilikuwa kitu kimoja. Sita na nane pia. Alisogeza kiti nyuma, alisogea mbele, alikunja jicho moja. Jioni macho yanachuruzika.

Akamwambia meneja. Sasa hapo ndipo wageni wa kwetu wanaposhindwa kuelewa. Mngoni na Mhehe ni watani. Mtani akikutukana unacheka, na wewe unamrudishia, ndiyo heshima yenyewe. Ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Ursula hakujua kumwambia Mhehe jambo lolote bila utani ndani yake. Akamwambia:

"Mtani, mashine yako ina macho ya babu zako. Mngoni mmoja anakuja, yenyewe inaona wawili, inakimbia."

Ofisi nzima ikacheka. Bwana Shukuru akacheka naye, akajibu, "Dada Ursula, si mashine. Ni komoni ya jana, bado ipo machoni."

Ursula akacheka mpaka akashika meza. Angefanya nini? Hakuwa anakunywa, komoni wala bia, alikuwa mama wa kanisa. Lakini kwa mtani unacheka. Na kuanzia siku ile kila aliposema habari ya kivuli, mtu alimjibu habari ya komoni, naye akacheka, akarudi kukunja jicho.

Kajetani aliitwa mara mbili. Yeye alikuwa anakijua kivuli kwenye televisheni. Zilikuwa chache mjini, ila aliwahi kuziona, picha ya mtu na mzuka wake pembeni, na alijua kwamba ni mawimbi yanagonga mlima Matogoro yanarudi, dawa yake ni kugeuza antena. Basi akaja akageuza kioo. Akakielekeza mlangoni, akakielekeza dirishani, akakigeuza kiupe mgongo Matogoro. Daimu, dereva, Myao wa Tunduru, alikuwa amesimama mlangoni akimtazama.

"Fundi, kigeuze kibla kabisa," akasema. "Huenda kinataka kusali."

"Na wewe Daimu uje ukitawadhishe," akasema Ursula.

Kivuli hakikutoka. Kajetani akasema labda ni hali ya hewa. Mvua ilikuwa nyingi, alikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini kioo cha kompyuta hakina antena, hakipokei kitu kutoka hewani, na hilo alilijua baadaye.

Desemba ikaingia. Ursula akachapa barua kwenda Lusewa kuwaambia wakulima wafike ghala la kijiji tarehe nane kupokea mbolea. Kidole chake kikagonga tatu. Akatazama kioo kuhakikisha, akaona nane, au aliona ile iliyokuwa ikionekana siku zote. Karatasini ikatoka tatu, nyeusi, safi. Bwana Shukuru akaisaini bila kuisoma. Watu wakatoka na baiskeli zao vijiji vya mbali, wakafika tarehe tatu, wakangoja lori siku tano kwenye kibaraza cha ghala, mvua inawapiga ubavu. Wakaja watatu mjini kulalamika kwa mkuu wa wilaya. Ikawa kesi.

Bwana Shukuru akamwita Kajetani. Safari hii hakuwa na utani. Akamwambia, "Fundi, nipimie kile kioo, kizima au kibovu, uniandikie. Nataka karatasi."

Kajetani akafanya kama alivyofundishwa. Kitoe kitu peke yake. Akakichomoa kioo pale mezani, akakibeba mpaka stoo, akakichomeka moja kwa moja kwenye boksi kwa kile kiwaya chake kifupi, kabati likiwa wazi. Herufi zikatoka zimenyooka, hazina mdogo wake wala kaka. Akatazama saa nzima. Akamwita Sixbert akatazama. Safi. Akaandika: "Nimekipima kioo. Ni kizima. Boksi ni zima. Herufi zinaonekana vizuri. Kajetani, fundi." Hakukuwa na neno la uongo mle ndani.

Akakirudisha mezani kwa Ursula, akaunganisha, akaenda zake bila kukaa kwenye kile kiti. Waya wake hakuupima. Aliniambia baadaye, kwa fundi redio waya ni mzima au umekatika. Hakuna waya mgonjwa. Ule ulikuwa mzima, aliuona kwa kibalbu.

Siku ya pili yake palikuwa na kikao. Mimi nilikuwa uani mwa lile shirika nanoa mafyekeo ya ofisi. Dirisha lilikuwa wazi, nikasikia karibu yote. Walikuwa meneja, Ursula, Sixbert, Daimu, na Rosemary wa masjala. Bwana Shukuru akaisoma karatasi ya fundi. Akasema kioo ni kizima kwa maandishi, sasa hapa pana mawili, ama macho ama kinywaji.

Ursula akasema, "Mtani, usinifanyie hivyo."

"Leo hatutaniani."

"Basi njooni mtazame. Kaeni kwenye kiti changu. Mkisema mnaona moja, mimi nitanyamaza."

Ni yeye mwenyewe aliyeomba. Bwana Shukuru akasema haya. Akaanza Sixbert. Nilimwona dirishani akikaa, akiinama. Alikaa muda. Fikirini: orodha inatengenezwa, na jina la mtu mwenye macho mabovu ndilo rahisi kuliko yote kuliandika.

"Moja," akasema Sixbert.

Akakaa Daimu, dereva. Dereva anayeona mbili ni dereva wa nani? "Moja," akasema, akainuka upesi.

Rosemary akakaa. Alikuwa rafiki wa Ursula, walikuwa wakichangia chai. Akasema moja, ila alisema chini sana, meneja akamwambia arudie, akarudia.

Ndipo Sixbert akatoa kichwa dirishani, nadhani alitaka kulegeza mambo. "Hata mzee mnoaji aje atazame."

Nikaingia, miguu yangu na tope. Nikakaa kwenye kiti cha Ursula, bado kina joto. Nikatazama. Mimi kazi yangu ni kutazama makali ya kisu, nayajua makali yaliyonyooka na yaliyojikunja. Kila herufi ilikuwa na kivuli kulia.

Nikasema, "Mbili. Moja nzito, moja nyepesi."

"Mzee umesoma mpaka wapi?" akauliza Bwana Shukuru.

"La tatu."

"Sasa mbili za nini unazoziona, kama hata hiyo moja huijui?"

Wakacheka. Hata Ursula, kwa mazoea, mdomo ukafunguka kidogo. Nikarudi kwenye mafyekeo yangu. Niliweza kusema tena na sikusema. Kwenye kumbukumbu za kikao, Rosemary aliniambia miaka mingi baadaye, iliandikwa kwamba mhusika amekuwa akiulizwa mara kwa mara juu ya ulevi na amekuwa akijibu kwa kicheko.

Jioni nikamweleza Kajetani kibarazani, kama mtu anavyoeleza habari za mchana. Nikamwambia wale wamesema moja, mimi nimeona mbili. Alikuwa ameshika redio ya mtu. Akaiweka.

"Kioo kilikuwa wapi?"

"Mezani kwa mwenyewe."

"Si stoo?"

"Nimekaa kwenye kiti cha Ursula, Kajetani."

Aurelia akaja kumwita kula. Hakula.

Wiki ile alikuwa na kazi ya jenereta Namtumbo, akaenda kwa kuwa ameshaahidi. Aliporudi, Jumatatu, akapita moja kwa moja kwenye shirika asubuhi kabla hawajaanza, Sixbert akamfungulia. Nilikwenda naye. Akapeleka kioo stoo, akachomeka kwa kiwaya kifupi, safi. Akachukua ule waya wake wa mita saba, akauweka katikati, kivuli. Akautoa, safi. Akauweka, kivuli. Mara sita. Mwisho akaketi sakafuni kwenye vumbi la mbolea.

"Kumbe kuna waya mgonjwa," akasema.

Akanieleza kadiri alivyoelewa yeye mwenyewe. Waya halali wa kioo una koti la nyuzi za shaba ndani ya ganda lake, na ni mfupi. Wake ulikuwa uchi, mrefu, wa simu, wa kubeba sauti. Picha ikipita mle inachoka, sehemu yake inagonga kwenye maungio inarudi, inafika imechelewa kidogo, inajipanga kulia. Dawa ilikuwa kulitoa boksi kwenye kabati na kuliweka mezani. Basi. Kazi ya dakika tano.

Bwana Shukuru akafika, viatu vinang'aa. Kajetani akamfuata na ule waya mkononi, umeviringishwa.

"Mkuu, kioo ni kizima. Waya ndio mbovu."

"Karatasi yako haikusema waya."

"Karatasi inasema kioo. Waya sikuupima."

"Nani aliufunga?"

"Mimi."

Nitasema haki ya Bwana Shukuru: hakumfokea. Akafunga mlango, ila mimi nilikuwa nimeshaingia. Akasema, "Orodha imeondoka Ijumaa na basi."

"Waandikie nyingine. Useme fundi ndiye aliyekosea. Nitatia saini."

"Makao makuu waliniambia jina moja kutoka ofisi hii. Moja. Nikitoa la Ursula, naingiza la nani? Niambie wewe. La Sixbert mwenye watoto saba? La Daimu? La yule binti wa masjala? Chagua, fundi, niandike sasa hivi."

Kalamu akamwekea mbele yake kweli.

Kajetani hakuishika. Akasema, "Basi niandikie kwamba si mlevi, na kwamba macho yake ni mazima. Hilo halihitaji jina la mtu."

"Nitaangalia," akasema Bwana Shukuru. Hakuandika.

Ursula akapokea barua yake kabla ya Noeli. Sababu ilikuwa maneno matatu, afya na nidhamu. Akarudi Maposeni kulima. Mjini pale habari ikawa imetembea, yule mama wa somo la kwanza anaona mbili mbili, si unajua. Jumapili iliyofuata ile barua, kabla hajahama, hakupanda kusoma. Watu walidhani ni aibu. Kumbe alikuwa anaogopa. Alishaanza kuamini kwamba macho yake ni mabovu.

Kajetani alichelewa kwenda kwake. Hilo ndilo lililomla. Alingoja mvua ipungue, alingoja barabara, alingoja ujasiri, akaenda mwezi wa nne, nami nikiwa na baiskeli yangu. Tulimkuta anapukuchua mahindi. Akamweleza yote, waya, koti la shaba, karatasi. Ursula hakuacha kupukuchua.

"Nimekwenda hospitali ya misheni mara mbili," akasema alipomaliza. "Daktari anasema macho mazima. Nikadhani ananihurumia. Mume wangu akadhani ananihurumia. Miezi minne, kaka, nafunga jicho hili nafungua hili, natazama kuku kama ni mmoja."

"Nisamehe, dada."

"Nimekusikia."

"Nitakwenda kanisani niseme mbele ya watu."

"Usiende. Ukisema wewe watacheka, na mimi kwa mazoea nitacheka nao." Akakusanya magunzi miguuni. "Jua linakwenda, mna safari."

Hatukupewa hata maji. Kwa Mngoni wa Maposeni, mgeni kuondoka bila maji, mnajua wenyewe maana yake.

Pale ofisini alikuja binti mwingine, kutoka Iringa, huko huko kwa meneja. Siku ya kwanza tu akasema herufi zina kivuli, macho yanamuuma. Bwana Shukuru akaagiza boksi litolewe kabatini, likawekwa mezani, kivuli kikaisha. Mwanzoni mwa tisini na tisa shirika lenyewe likauzwa, na wote wakaondoka, Sixbert, Daimu, Rosemary, na huyo binti, na meneja mwenyewe. Hiyo moja waliyoiona iliwapa miezi kumi na minne.

Kajetani hakuandika tena karatasi. Mtu akileta redio anairekebisha, akiomba maandishi anasema sijui kuandika. Ofisi hazilipi bila maandishi, kwa hiyo kazi za ofisi zikaisha, akabaki na redio za sokoni, halafu simu za mkononi zikaja, hizo hakuzipenda. Akawa mtu wa kupima kitu kimoja mara nane, mara kumi, mwenye redio anachoka anaichukua anakwenda kwa mwingine. Pua ile ya kucheka ikanyamaza. Ugonjwa ulimshika tumboni, akafa mwaka wa elfu mbili na sita. Tukamzika kwao.

Ursula alikuja mazishini. Alikaa na wanawake, hakusema neno, ila alibeba kuni na maji kama ndugu. Kusoma hakuwahi kurudi kusoma.

Sixbert naye alikuja, na Daimu, na Rosemary. Walikuwa wamesimama pamoja karibu na baiskeli yangu, umri umesogea kwao kama kwangu. Tukasalimiana, tukaulizana habari za watoto. Wakasema Kajetani alikuwa fundi mzuri, alijitesa bure tu. Nikawaambia nami nina jambo nimelibeba miaka tisa, si kwa ubaya, nataka tu kulijua kabla nami sijaondoka. Sixbert akaangalia viatu vyake. Rosemary akaanza kufunga kanga upya. Daimu akawa anatafuta funguo mfukoni, na sisi sote tulijua kwamba amekuja kwa miguu.

Nikawauliza: siku ile, mlipokaa kwenye kile kiti, kila mmoja kwa zamu yake, na Ursula amesimama nyuma yenu anawatazama, mliona ngapi?